Picha Bila Kofia

Waithaka,
14 Agosti 2006

Kwako Ochola, mzee wa kanisa na mlaji wa samaki,

Salamu nyingi. Sisi hapa ni wazima, ng'ombe ni mzima, mimi ninakohoa kidogo lakini si unajua nilikuwa nakohoa hata wakati ule uliponimwagia rangi ya kijani kichwani ukasema ni ngazi imeteleza. Mpaka leo ile ngazi siiamini.

Nakuandikia barua kwa sababu simu aliyoninunulia Muigai nayo siiamini. Kitu unaongea ndani kinasikika nje, na Mama Muigai amekaa hapo anamenya viazi kama mtu asiye na masikio.

Sasa sikia. Jumapili kijana wangu Muigai alitoka kwake Kinoo na bibi yake Jackie. Wakanywa chai. Halafu Muigai akajikohoza kama chifu, akasema, "Baba, Jumamosi ya wiki kesho tutawatembeza mjini, wewe na mami. Mkaone mji."

Nikamuuliza, mji gani? Nairobi? Ile mimi nilipaka rangi?

Ochola, mimi na wewe tulipaka zile nyumba za mtaa wa Jamhuri mpaka tukajua choo ya kila karani. Tulipaka hoteli ambazo hatungeruhusiwa kukalia viti vyake. Leo nitembezwe kama mtalii, nionyeshwe ukuta wangu mwenyewe?

Muigai akacheka. Jackie akaangalia ndani ya kikombe. Mama Muigai akasema pole pole, "Mimi nataka kwenda." Huyo mama hajataka kwenda mjini tangu tuache kununua sare za shule.

Tena kuna minong'ono. Nikitoka zizini wananyamaza, halafu Jackie ananiuliza habari ya ng'ombe. Jackie anaogopa ng'ombe kama shetani.

Mimi najua ni nini. Ni hii shamba. Jirani yangu hapa alipelekwa na watoto wake kula nyama choma barabara ya Ngong, akashibishwa, na kabla amalize kuchokonoa meno akawa ameshaweka kidole gumba kwenye karatasi ya kuuza shamba. Sasa anaishi chumba kimoja na kuku.

Wewe unasemaje? Niende ama nijifanye mgonjwa?

Ni mimi,
Thuo, fundi wa rangi mstaafu


Yala,
19 Agosti 2006

Mpendwa ndugu Thuo,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mke wangu Philister anakusalimu pia, na anamsalimu sana shemeji Virginia, Mama Muigai wako. Ile ngazi iliteleza. Nimeapa mbele ya madhabahu, sitaapa tena.

Ndugu, watoto wakitaka kukutembeza, tembea. Wangu wako Mombasa na hawajanipeleka hata sokoni. Wewe tangu ujana una ugonjwa wa kushuku. Ukipewa chai unauliza sukari ilitoka wapi. Unakumbuka yule bibi wa pale Jamhuri aliyetupa keki, ukampa paka kwanza? Paka alikula yote na sisi tukashinda njaa.

Nenda ule. Kidole gumba kiweke mfukoni. Ukiona karatasi yoyote, sema umesahau miwani.

Ukirudi niandikie ulivyoona. Mimi tangu nistaafu mji huo naota tu.

Wako katika Kristo,
Joash Ochola


Waithaka,
28 Agosti 2006

Ochola,

Nilienda. Nimerudi. Si shamba. Ni mbaya kuliko shamba. Kaa chini.

Walikuja asubuhi na gari la Muigai. Mama Muigai amevaa ile nguo ya arusi za watu. Mimi nikavaa koti na kofia yangu, kidole gumba mfukoni kama ulivyosema. Tulianzia pale penye magari-moshi ya kale, kwa reli. Hapo ndipo nilianza kuona mambo. Mama Muigai hakutaka kukaa mbali kama watu. Alienda mpaka kwa ile injini kubwa nyeusi akaweka kiganja, akaipapasa kama anapima ng'ombe wa kununua. Nikamwambia, "Wewe mama, hiyo hata ukiikamua haina maziwa." Hakunijibu kwa tusi. Akashika mkono wangu.

Umesikia? Akashika mkono wangu, mchana, mbele ya watu. Mara ya mwisho tulishikana mikono ni padre alitulazimisha. Na hakuachilia. Uhuru Park ameshika, kwa ile mashua ya kukanyaga kama baisikeli ameshika, kwa lifti ya lile jumba refu la KICC ameshika. Nikajiambia, mwanamke akikushika hivi, ama umefanya jambo jema, ama kuna jambo anajua. Na mimi sijafanya jambo jema.

Kule juu ya KICC upepo ulitaka kuniondoa kofia. Jackie anamwambia Mama Muigai, "Mami, angalia vizuri, usiharakishe, tuko na siku nzima." Anamwambia kama unavyoambia mtu anayeaga. Muigai amesimama nyuma yetu na mkono ndani ya koti. Mimi sikuangalia mji hata kidogo, nilikuwa naangalia ule mkono, utoe karatasi ama utoe nini. Akatoa kitambaa. Akajipangusa macho. Nikamuuliza, "Nini?" Akasema ni upepo. Mama Muigai akaniuliza, "Waithaka ni wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema, "Naona." Lakini alikuwa ameangalia upande wa Thika, kinyume kabisa.

Tukaenda kula kuku na viazi. Chai ilipokuja, Mama Muigai akamimina nje ya kikombe, ikatiririka mezani. Jackie akapangusa haraka. Nikajiambia, ni huzuni inammwagisha chai.

Sasa sikia ya mwisho. Walinipeleka studio ya picha, River Road. Nikafikiri ni picha ya familia. Hapana. Mimi peke yangu. Kifua kwenda juu. Na Mama Muigai akasema, "Toa kofia. Nataka uso wote." Halafu akamwambia yule wa kamera, "Ifanye kubwa. Kubwa kabisa. Na fremu."

Ochola, wewe ni mzee wa kanisa. Wewe umezika watu wangapi? Picha ya mtu mzima, peke yake, kifua kwenda juu, bila kofia, kubwa, na fremu. Hiyo picha inabebwa wapi? Inabebwa mbele ya jeneza, na mjukuu, pamoja na msalaba.

Ndiyo nikakumbuka. Mwezi wa sita nilipigwa eksrei ya kifua. Muigai ndiye alienda kuchukua majibu. Akaniambia, "Iko sawa tu, baba." Sawa tu.

Wanajua ninakufa. Walikuwa wananiagisha mji.

Ni mimi, bado kwa sasa,
Thuo


Kinoo,
1 Septemba 2006

Kwa Mzee Joash,

Hujambo, baba? Mimi ni Jackie, mke wa Muigai wa Mzee Thuo. Tulionana siku ya arusi yetu, wewe ndiye uliomba ile sala ndefu. Samahani kwa kukuandikia bila kufahamiana sana, lakini najua baba anakuandikia, na wewe ndiye mtu pekee anayemwamini, ingawa anasema hakuamini.

Baba amemwambia Muchiri wa duka kwamba yeye ni wa kufa. Muchiri amekuja kumuuliza Muigai kama shamba litauzwa. Hivyo ndivyo tulivyojua anafikiria nini.

Mzee, baba hana ugonjwa. Eksrei yake ilikuwa safi. Ni mami. Macho yake yanakwisha. Daktari wa macho alituambia mwezi wa saba kwamba ni presha ya macho, ilianza zamani bila maumivu, na kilichokwenda hakirudi. Amepewa dawa ya matone ili kilichobaki kikae kidogo. Ni yeye aliyeomba kwenda mjini, auone akiwa bado anaona. Ile picha ni yake. Ndogo haimfikii tena. Alitaka ya kutundika karibu na kiti chake, aangalie uso wa baba mpaka siku ya mwisho.

Tulitaka kumwambia baba. Mami alikataa, akatuapisha. Nitaandika alivyosema, maana yamenikaa kichwani: "Huyo mzee amenichokoza tangu nikiwa msichana. Akijua, ataanza kuniongelesha kama mgonjwa. Siku Thuo ataniambia pole, nitajua nimekwisha kweli."

Kwa hivyo, tafadhali, mwandikie umtulize. Lakini usimwambie.

Wako,
Jackie


Yala,
7 Septemba 2006

Ndugu Thuo,

Neema na amani. Nimesoma barua yako. Hufi. Usiniulize najuaje, wewe jua tu kwamba hufi.

Picha ni picha. Hata mimi niko na picha bila kofia na sijazikwa. Mke kushika mkono wa mume si dhambi, imeandikwa wawe mwili mmoja, sasa mkono ni nini?

Ndugu, wewe nilikuona kazini miaka hiyo yote. Ukipaka ukuta unaangalia brashi yako tu. Ni mimi nilikuwa ninakuambia umeruka pahali. Angalia ukuta, Thuo. Hayo tu.

Philister anakohoa lakini ataendelea vizuri. Mvua imekuja.

Joash Ochola


Waithaka,
13 Septemba 2006

Ochola, mwongo wa kanisani,

Hata wewe wamekufikia. Mtu wa kuandika barua ya ukurasa mzima kwa kila kikohozi cha Philister, leo unaniandikia maneno machache kama telegramu, na unasema usiniulize najuaje. Kwa nini nisiulize? Shahidi akiambiwa asiulizwe, hapo kesi imekwisha.

Wacha nikuambie yanayoendelea hapa, halafu uniambie tena kwamba sifi.

Kwanza, Muigai amekuja akafunga waya kutoka mlango wa jikoni mpaka chooni. Nikamuuliza ni ya nini. Akasema ni ya kuanika nguo. Ochola, hiyo waya iko kiunoni. Nguo gani inaanikwa kiunoni, ikokote matope? Hiyo ni ya kufungia hema ya matanga.

Pili, ngazi za mlangoni zimepakwa chokaa nyeupe kwenye ukingo. Nyumbani kwangu. Kwa fundi wa rangi. Bila kuniuliza, na mistari imepinda kama nyoka mlevi. Mtu hupaka ngazi chokaa akingoja wageni wengi.

Tatu, picha imekuja. Ni kubwa kama mlango wa kabati. Mama Muigai aliitundika mwenyewe karibu na dirisha, karibu na kiti chake, chini sana, mahali pa kalenda. Anakaa hapo anaiangalia, pua inakaribia kugusa kioo. Mimi mwenyewe niko hapa, niko hai, nimekaa kiti cha pili, na anaangalia ile ya ukutani.

Basi jana alipoenda kwa kikundi cha akina mama, niliitoa. Nimeificha zizini nyuma ya nyasi. Tuone watazika aje mtu bila picha.

Amerudi, akapika chai. Nilimwambia chai yake ina chumvi kama bahari, hata hakunitukana. Nimeshinda, lakini sijui kwa nini sioni raha.

Thuo


Waithaka,
18 Septemba 2006

Ochola,

Barua hii haina utani, usiwasomee watu.

Jana mchana nilitoka zizini kuchukua ndoo. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Mama Muigai alikuwa amesimama mbele ya ukuta, pale pa picha. Alikuwa anaupapasa. Kiganja kinapanda, kinashuka, kinakwenda kando, kinarudi kwa msumari. Kama vile mimi na wewe tulivyokuwa tunatafuta ufa kabla ya kupaka. Mara ya kwanza nikafikiri anatafuta kunguni.

Nikasimama mlangoni, jua liko nyuma yangu, jua la kuchoma. Akageuka, akaniangalia uso kwa uso. Akasema, "Ni nani?"

Ochola, nilikuwa karibu naye kama hii kalamu na karatasi.

Akanusa kidogo, akasema, "Ah, ni wewe. Ugoro wako unatangulia." Akajifanya anapangusa vumbi ukutani. Halafu akatoka kwenda chooni, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwa ile waya ya kiunoni, akaifuata.

Nikaangalia ngazi zenye chokaa. Alikuwa amezishuka akikanyaga pale peupe tu.

Nikakaa kwa ndoo. Nikakumbuka chai iliyomwagika mezani. Nikakumbuka ile injini ya reli. Alisema anaona Waithaka na alikuwa ameangalia Thika, na mimi nikaona ni kifo changu anaomboleza. Changu mimi.

Sijamwambia mtu. Niambie ukweli. Ulijua?

Thuo


Yala,
22 Septemba 2006

Ndugu yangu Thuo,

Nilijua. Jackie aliniandikia. Nilikuwa nimeombwa ninyamaze, na nimeona kwamba uongo ni kazi ngumu kuliko rangi. Mungu anisamehe, na wewe ukipenda.

Si sumu, si uchawi. Ni presha ya macho. Kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki wanajaribu kukishika. Mji ulikuwa wake. Picha ni yake pia, alitaka uso wako uwe mkubwa wa kumtosha.

Sasa nitakuambia kwa nini ulifichwa, halafu nitanyamaza. Shemeji alisema siku utakayomwambia pole, ndiyo atajua amekwisha. Anataka Thuo yule yule.

Mimi ningekuwa wewe ningelia. Lakini wewe hukuoa Philister, anayependa kuliliwa.

Nakuombea. Nawaombea wote wawili.

Joash


Waithaka,
16 Oktoba 2006

Kwako Ochola, mwongo aliyetubu,

Nimekawia kujibu kwa sababu nilikuwa na kazi. Ndiyo, kazi. Soma mpaka mwisho.

Siku barua yako ilifika nilienda zizini, nikatoa picha, nikapangusa nyasi. Ng'ombe alikuwa amelamba kioo. Nikaingia nayo. Mama Muigai alikuwa kwa kiti chake. Nilikuwa na maneno mengi nimeyapanga, mengine hata yalikuwa ya kanisa. Nikayaacha mlangoni.

Nikamwambia, "Mama Muigai, huyu mwanaume uliyekuwa unampapasa ukutani ni nani wako?"

Nikaona mdomo unacheza.

"Ni mpangaji," akasema. "Alihama bila kuaga."

"Amerudi."

"Nimejua. Ananuka ng'ombe."

Nikaitundika palepale, chini, pa kalenda. Akasogea mpaka pua ikagusa kioo. Akaangalia sana. Kisha akauliza bila kugeuka, "Ni nani alikuambia?"

"Ukuta."

"Usianze kunihurumia, Thuo."

"Nikuhurumie kwa nini? Wewe ndiye ulinipeleka River Road nikapigwa picha kama maiti. Ni mimi nahitaji kuhurumiwa."

Akacheka mpaka akapangusa macho, hayohayo. Na mimi nikajipangusa. Nikasema ni ugoro. Akasema, "Ugoro uko mfukoni, sijausikia."

Halafu akaniomba nimwambie kule juu ya KICC kulikuwa na nini, kwa sababu yeye aliona kama maziwa yamemwagika. Nilipelekwa juu ya mji mzima na macho mawili mazima, na nilichoona ni mkono wa Muigai. Nimemwambia tutarudi. Muigai ameshakubali. Safari hii nitaangalia, nimsimulie bati kwa bati.

Sasa kazi. Nilifuta ile chokaa ya aibu, nikapaka ngazi upya, mistari imenyooka. Halafu nikamuuliza, "Ni rangi gani bado inakufikia vizuri?" Nilifikiri atasema nyekundu, ama ile njano ya barabara. Akafikiri, akasema, "Chungwa."

Nikamwambia, "Mama, tafuta ingine."

"Hakuna ingine."

Ochola, unajua tunakaa wapi. Mwaka jana kwa ile kura ya katiba, chungwa, alama ya hapana, ilikuwa yenu huko Yala, na sisi huku wote tulikuwa ndizi, alama ya ndiyo, mpaka wengine walikataa kununua machungwa sokoni. Na mimi, Thuo wa Waithaka, nimepaka nyumba yangu chungwa. Mbele, nyuma, hata lango. Inawaka kama jiko.

Muchiri amefunga duka akaja kuangalia. Akazunguka nyumba yote. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, wamekupa nini?" Nikamwambia wamenipa gunia la omena, vile visamaki vya ziwa lenu, na lingine liko njiani. Tangu siku hiyo nikiingia dukani kwake watu wananyamaza. Wananiangalia mikono. Ni zamu yao sasa, wacha washuku, mimi nimepumzika.

Njoo Desemba na Philister. Hutauliza njia.

Lakini nikuambie jambo moja. Jumapili tukitoka kanisani Mama Muigai ananishika mkono, kwa sababu ile barabara ina mawe. Tukifika kwa kona ya kinu cha kusaga, anainua uso. Anaiona nyumba. Anaachilia mkono wangu, anatangulia nyumbani peke yake, na ananiambia nikaze mwendo.

Ni mimi, mpangaji,
Thuo